Mwaka mzima nimetumia karata za taroti kusukuma riwaya yangu. Si uganga, njooni tuongee

#1 WinoMkavu

Wakuu, habari za jioni. Najua nusu yenu mmefungua uzi huu ili mnitukane. Karibuni, viti vipo.

Mimi ni mwandishi wa usiku. Mchana natafuta riziki kwenye ofisi moja ya usafirishaji hapa Dar, saa tatu usiku watoto wakishalala ndiyo nafungua kompyuta. Nina riwaya naihangaikia tangu 2022: dada wawili wanagombea nyumba ya urithi Ngamiani, Tanga. Sura ya saba ilinikaba miezi minne. Kila nikiandika, dada mkubwa anakaa dirishani anawaza. Anawaza, anakunywa chai, anawaza tena. Mimi mwenyewe nikimsoma nasinzia.

Mtoto wa mamdogo anayeishi Leeds alikuja likizo akaniachia pakiti ya taroti, zile karata za picha ambazo wengi huzitumia kubashiri. Nikaificha nyuma ya vitabu, mume wangu asije akadhani nimeanza mambo. Siku moja umeme umekatika, chaji imeisha, nikazitoa nikazichanga kwa mwanga wa simu. Nikachomoa moja huku nauliza kwa sauti: huyu mwanamke ana nini?

Ikatoka Nane ya Panga. Kwa ambao hamjaiona: mwanamke kasimama peke yake, kafungwa kitambaa machoni, kamba imemzunguka mwilini na mikono, panga nane zimechomekwa ardhini pembeni na nyuma yake. Chini kuna tope na vidimbwi vya maji. Kwa mbali juu ya jabali kuna ngome.

Niliitazama muda mrefu, kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Ndipo nikaona miguu yake haijafungwa. Na mbele yake hakuna upanga hata mmoja. Wala hakuna mlinzi.

Nikajiuliza, kwani huyu dada wangu wa Ngamiani anazuiwa na nani? Nilikuwa nimempa sababu kibao za kutoondoka, mashemeji, watoto, aibu ya mtaa, na zote zilikuwa visingizio vyangu mimi mwandishi. Hakuna anayemzuia. Haondoki kwa sababu hati ya nyumba kaishonea ndani ya godoro analolalia, na mdogo wake hajui. Niliandika kwa kalamu kwenye daftari la hesabu la mtoto mpaka simu ikazima. Sura ikaisha kwa siku tatu.

Tangu hapo huwa nachomoa karata moja kabla ya kuandika. Kuna mwingine humu anafanya hivi? Na mnaopinga, pingeni, ila kwa hoja.

#2 MzeeWaKiti

Siti ya mbele nimekaa, karanga ninazo.

#3 Abu_Fulani

Mkuu, nakuheshimu ila hili halina jina zuri. Al-Maida aya ya 90 imetaja pombe, kamari, masanamu na kutazamia kwa mishale, vyote pamoja. Leo mishale imekuwa makaratasi, kesho utaniambia bao la ramli nalo ni "zana ya uandishi". Toka mapema.

#4 Neema_wa_Kwaya

Na sisi upande wa pili tunayo Kumbukumbu la Torati 18:10, inayokataza kubashiri. Leo nimekubaliana na Abu_Fulani, andikeni tarehe.

#5 WinoMkavu

Abu_Fulani, kwanza si mkuu, ni dada. Pili nakuelewa vizuri, nimelelewa nyumba hiyo hiyo. Kilichokatazwa ni kutaka kujua ya ghaibu. Mimi siulizi kama kitabu kitachapishwa, siulizi kama nitashinda tuzo, siulizi nani ananionea kijicho. Nauliza kuhusu mtu ambaye hayupo, nimemtunga mwenyewe. Hana kesho ya kuitabiri mpaka mimi niiandike.

Ila kama roho yako inakataa, iache. Sijaja kuuza.

#6 Abu_Fulani

Sawa dada. Maelezo yako nimeyasikia, karata zenyewe bado sizitaki nyumbani kwangu. Tuendelee kuheshimiana.

#7 Hesabu_Haidanganyi

Mimi dini pembeni, nakuja na namba. Pakiti ya taroti ina karata 78. Ukichomoa tatu kwa mpangilio, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kuna njia 456,456. Ukiruhusu na kutoka kichwa chini, zidisha kwa nane: 3,651,648. Maana yake dada hapo juu angeweza kupata karata nyingine yoyote, na bado angeona "ishara". Angetoa karata ya Mwezi, angeandika mbwa wanabweka na dada mkubwa anatoka usiku kufukia hati uani. Ubongo wa binadamu ukipewa picha mbili lazima utazishona.

Kwa hiyo si karata iliyoandika sura ya saba. Ni wewe.

#8 WinoMkavu

Ndiyo maana yangu! Umesema ukidhani unanipinga. Kitu kinachonikwamisha ni kwamba kila nikikaa najiuliza maswali yale yale, kwa sababu anayeuliza ni mimi yule yule. Karata inaniuliza swali ambalo nisingejiuliza. Na hiyo ya Mwezi naichukua, usije ukadai mrabaha.

#9 Mpwani_Asilia

Mie ni wa Mombasa, Kibokoni, nimesoma uzi huu nikacheka peke yangu. Nyinyi mwazungumza kana kwamba taroti ni kitu kilichoteremka jana kutoka Ulaya. Hebu niwape kisa.

Taroti ilianza kaskazini mwa Italia karne ya 15, na ilikuwa mchezo. Watu wakicheza kama wazee wetu barazani. Yale makundi manne ya karata, vikombe, sarafu, panga na fimbo, yalikuwako tayari, yaliletwa na karata za Wamamluki, watawala wa Misri wa enzi hizo, ambao walikuwa na vikombe, sarafu, panga na vijiti vya polo. Waitaliano wakaongeza karata 22 za picha, karibu zote zenye kushinda nyingine, wakaziita trionfi. Mambo ya kubashiri yamekuja baadaye sana, Ufaransa. Mwaka 1781 Mfaransa Court de Gébelin aliandika kwamba hizi karata ni hekima ya kale ya Misri, bila ushahidi wowote. Hapo ndipo biashara ilipoanza.

Sasa sikizeni. Lile neno trionfi Wareno walilifanya trunfo. Na Wareno wakaja huku kwetu na karata zao. Sisi tukalifanya nini?

Turufu.

Bado. Kopa ni copas, vikombe. Uru ni ouros, dhahabu, yaani zile sarafu. Shupaza ni espadas, panga. Pau ni paus, fimbo. Hata neno karata lenyewe ni lao. Karata tunazotumia zina alama za Kifaransa, moyo na jani, lakini majina tunayoyaita ni ya vikombe na panga. Mzee akipiga meza akasema "turufu shupaza!" ametamka taroti nusu, naye hajui.

#10 MzeeWaKiti

Karanga zimenidondoka.

#11 Hesabu_Haidanganyi

Aisee. Miaka yote nacheza karata sijawahi kujiuliza kwa nini moyo unaitwa kopa.

#12 WinoMkavu

Mpwani, umeniharibia usiku. Yaani Nane ya Panga yangu ni nane ya shupaza? Na ile ya mwanamume kakaa chini ya mti mikono kaikunja, vikombe vitatu mbele yake, wingu linampa cha nne naye hataki kukiona, hiyo ni nne ya kopa?

#13 Mpwani_Asilia

Ndiyo hiyo hiyo, dadangu. Ya kwetu haina picha tu.

#14 Mhariri_Mstaafu

Nimehariri miswada miaka mingi, naomba niwe mtu mbaya kidogo.

Tatizo la waandishi wetu wengi ni makalio, hayakai kitini. Wanahudhuria warsha, wananunua daftari zuri, wanabadilisha fonti. Sasa wamepata karata. Dada mleta uzi ameandika, nampongeza, ila kwa kila mmoja kama yeye nitaona kumi wanaopanga karata mezani, wanazipiga picha pamoja na kikombe cha kahawa, halafu wanalala.

#15 Binti_Chapa

Mzee wangu shikamoo. Mimi ni mmoja wa hao kumi, wacha nikiri.

Nilianza vizuri. Baadaye nikawa nikitoa karata nisiyoipenda nairudisha, nachanga, natoa nyingine. Siku moja nilichomoa mara kumi na moja mpaka nikapata karata ya Jua, ndiyo nikaridhika kwamba mswada wangu "una nuru". Neno hata moja sikuandika siku hiyo. Ikafika mahali siandiki bila kuuliza, na nikiuliza naogopa jibu.

Mbaya zaidi, nikamtafuta mtu mtandaoni anisomee. Akanitoza elfu hamsini, akaniambia hadithi zangu zimefungwa na mtu wa ukoo upande wa baba, nilete laki mbili zifunguliwe. Nilikaribia kutuma. Kilichoniokoa ni kwamba salio lilikuwa halitoshi.

Nina miezi minane sijazigusa. Sisemi mwache, nasema mjiangalie.

#16 Neema_wa_Kwaya

Pole sana mdogo wangu. Hapo kwenye laki mbili ndipo Torati ilipokuwa inatuonya tusifike.

#17 WinoMkavu

Binti_Chapa asante kwa ukweli huu, ndio ulikuwa unakosekana kwenye uzi. Nami nikiri: mwezi wa kwanza nilifanya hivyo hivyo, nilirudisha Mnara, karata ya maangamizi, mara mbili.

Nilichojiwekea sasa ni hiki. Natoa moja tu, na ikitoka imetoka. Swali langu lazima lianze na nani, wapi, nini au kwa nini, na lihusu ukurasa wa leo. Swali la "je, nita..." limepigwa marufuku. Nikishaitazama naandika nusu saa, hata kama ni upuuzi. Halafu kubwa kuliko yote: kile kijitabu cha maana kinachokuja ndani ya pakiti nilikitupa. Kijitabu kitakwambia Nane ya Panga ni "kujihisi umenaswa". Sawa, mimi hilo nilikuwa nalijua tangu mwanzo, ndilo lililonifanya nikwame! Iliyonisaidia ni miguu. Kijitabu kingenipa neno moja nikaridhika nikaacha kutazama.

Mzee Mhariri, kwako ninayo Nane ya Sarafu. Kijana kakaa kwenye benchi, nyundo mkononi, tindo mkononi, anachonga sarafu. Nyingine keshazimaliza kazitundika, moja iko chini karibu na miguu. Mji uko mbali nyuma yake, na hautazami. Siku nikiitoa hiyo siulizi tena, naandika.

#18 Mhariri_Mstaafu

Marahaba kwa Binti_Chapa. Na huyo kijana wa benchi nampenda. Angekuwa mwandishi wangu.

#19 Mjukuu_wa_Mchapaji

Nimechelewa, niko Minneapolis na zamu zangu za usiku. Mnazungumzia picha lakini hamjamtaja aliyezichora, na yeye alikuwa mtu wa hadithi kabla ya karata.

Anaitwa Pamela Colman Smith. Alizaliwa London 1878, sehemu ya utoto wake akaishi Jamaica. Huko alizisikia ngano za Anansi, yule buibui mjanja aliyevuka bahari na watumwa kutoka Afrika Magharibi. Mwaka 1899 alichapisha kitabu cha ngano hizo akakichorea picha mwenyewe, na alikuwa akizisimulia mbele za watu London. Waliokua na hadithi za sungura na fisi mtamwelewa huyu mama haraka.

Mwaka 1909 A. E. Waite, mwandishi wa elimu za siri, alimpa kazi ya kuchora taroti. Kabla yake, karibu pakiti zote zile karata ndogo 56 (ukiondoa zile 22 alizotaja Mpwani) hazikuwa na picha za maana. Tano ya Vikombe ilikuwa vikombe vitano, basi, kama za kwetu. Yeye akaweka watu: aliyevaa joho jeusi ameinama anatazama vikombe vitatu vilivyomwagika, na viwili vimesimama mgongoni kwake hajageuka. Mashua yenye mama na mtoto wamejikunyata, panga sita zimesimama ndani ya mashua. Kila karata ni katikati ya hadithi. Huoni mwanzo, huoni mwisho. Ndiyo maana WinoMkavu alipotazama tu, kalamu ikatembea.

Na malipo? Alimwandikia mpiga picha Alfred Stieglitz mwaka huo huo kwamba kazi ilikuwa kubwa na pesa kidogo sana. Karata zikauzwa dunia nzima, zikapewa jina la mchapishaji na la Waite. Yeye alifariki 1951 huko Bude, kusini magharibi mwa Uingereza, akiwa na madeni.

#20 Binti_Chapa

Yaani mchoraji hakupata mrabaha. Hadithi ya waandishi wote humu ndani.

#21 Mhariri_Mstaafu

Nyongeza fupi, kwa kuwa nimelainika. Italo Calvino wa Italia alitoa kitabu 1973 ambamo wasafiri wamepotewa na sauti, wanasimuliana maisha yao kwa kupanga karata za taroti mezani. Alizipanga kweli, safu kwa safu, akitafuta hadithi zinazopishana, na ilimtesa. Kwa hiyo dada hauko peke yako, na Calvino alikuwa na makalio ya kukaa.

#22 Otieno_Kalamu

Niko na swali la kimaskini. Huku Nairobi pakiti ya taroti nimeona ni pesa ya mtu kulipa stima mwezi mzima. Mtu bila hizo pesa afanye?

#23 WinoMkavu

Chora mwenyewe kwenye manila. Usiige za Pamela, weka vya kwenu: daladala limeharibika daraja la Salenda (kwenu matatu), mwanamke anafungua sanduku la marehemu, mtoto katumwa dukani hajarudi. Zikifika ishirini zinatosha.

#24 Fatma_wa_Makunduchi

Mimi sijui taroti, nimeingia kwa kuwa nimeona neno uandishi. Ila nina kitu kama hicho miaka sita sasa.

Marehemu mama aliacha sanduku la kanga. Hakuwa akizivaa zote, nyingine zina karatasi ya dukani bado. Nikikwama na shairi nafumba macho, natia mkono, natoa moja. Halafu siandiki kuhusu maneno yaliyoandikwa pale. Ninajiuliza: mama aliinunua hii siku gani, na alikuwa anamwambia nani? Maana kanga hainunuliwi bure, lazima kuna jirani. Kuna moja ina maneno makali hasa, na haijakunjuliwa hata mara moja. Alinunua akashindwa kuivaa. Nimeshaandika mashairi manne juu ya hiyo moja, na bado sijamjua huyo aliyekusudiwa.

#25 Mpwani_Asilia

Subhanallah. Hili sanduku lashinda taroti zote.

#26 Abu_Fulani

Dada Fatma, hili hata mimi sina neno. Allah amrehemu mama.

#27 WinoMkavu

Amin. Nimesoma mara tatu. Fatma, kamwe usizipige pasi hizo zenye karatasi ya dukani.

#28 MzeeWaKiti

Haya, mimi nimekula karanga uzi mzima bila kuchangia, aibu imenishika. Nimetoka barazani sasa hivi. Nimechukua pakiti ya kawaida ya 52, ile imechakaa, dume wa pau amechanika kona tunamtambua hata akiwa kifudifudi. Nikachanga, nikamwambia jirani akate, nikachomoa. Tatu ya shupaza. Nikakumbuka Mpwani kasema shupaza ni upanga. Nimeandika hivi kwenye simu, msinicheke:

"Walikuwa watatu waliorithi shamba la minazi, na panga lilikuwa moja. Kila asubuhi wa kwanza kuamka ndiye aliyelichukua. Mwaka ule wa mwisho Hamisi aliacha kulala."

Hapo nikakwama.

#29 Otieno_Kalamu

Eeeh! Mzee, usituache hapo. Hamisi alikuwa anafanya nini usiku?

#30 Mhariri_Mstaafu

Usimjibu humu. Kamjibu kwenye karatasi, halafu nitumie faraghani.

#31 MzeeWaKiti

Naruhusiwa kuchomoa nyingine?

#32 WinoMkavu

Hapana.